Kupanda hadi Magofu ya Castell Dinas Brân, Wales: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishia Njiani

Ngome ya Dinas Brân iko kwenye kilele cha kilima chenye urefu wa mita 321, juu kabisa ya mji mdogo wa Llangollen, kaskazini mashariki mwa Wales. Ukiwa mjini unaiona kwa macho, na hilo ndilo linalowaponza watu. Inaonekana karibu, kwa hiyo wanakunywa kahawa kwanza, wanapiga picha mtoni, wanaanza kupanda alasiri wakiwa na jinzi na raba za mjini, kisha wanageuka kabla ya kufika.

Ndugu na marafiki wanaoishi Birmingham, Manchester na Liverpool wamenieleza mara nyingi kwa nini walirudi, na maelezo yao yanafanana: tulichelewa, tuliloa, mtoto alichoka, tulipotea, upepo ulitufukuza. Ni nadra kumsikia mtu aliyeshindwa kwa sababu ya miguu. Kilima chenyewe mtu mzima mwenye afya ya kawaida anakiweza. Kinachoharibika ni saa na mavazi, na vyote viwili huamuliwa kabla hujaanza kupanda.

Historia ya ngome ni ndefu, lakini haitakusaidia kupanda. Itoshe kujua kwamba ilijengwa na mtawala wa Kiwelisi katika miaka ya 1260, ikachomwa moto mwaka 1277, na kilichobaki ni kuta zilizobomoka. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi, hakuna duka, hakuna choo, na hakuna paa la kujikinga na mvua. Ukishalielewa hilo la mwisho, orodha inayofuata haitakushangaza.

## Mahitaji

Viatu vyenye soli ya meno. Si lazima viwe vya bei kubwa, ila viwe na meno yanayoshika na viwe vimeshazoea mguu wako. Sehemu ya juu ya njia ni nyasi fupi na mawe madogo, na vikilowa huteleza vibaya wakati wa kushuka. Raba zenye soli bapa ndizo zinazowaangusha wengi.

Nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine. Ndani vaa fulana ya michezo, ile inayokauka haraka. Juu yake sweta, na juu ya sweta koti la mvua lenye kofia. Acha jinzi nyumbani. Pamba nzito ikilowa haikauki mlimani, na upepo ukiipiga utatetemeka ndani ya dakika chache hata kama mjini palikuwa na jua.

Kina dada wanaovaa buibui au dera: vaeni suruali ndani, mje na mkanda au pini za kufungia pindo juu ya kifundo cha mguu. Kule juu upepo huvuta nguo pana kwa nguvu, na pindo refu hukanyagwa kwenye ngazi.

Kofia na glavu, hata mwezi wa Mei.

Maji na chakula. Lita moja kwa kila mtu inatosha. Beba vitu vinavyolika kwa mkono mmoja: ndizi, tende, karanga, maandazi. Chupa ya chai ya moto ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko chakula kingi.

Simu iliyojaa chaji, ikiwa na ramani uliyoihifadhi kabla. Baridi humaliza betri haraka, kwa hiyo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kama una ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) ya kipimo cha 1:25,000, ibebe pia, maana karatasi haiishiwi chaji.

Tochi na filimbi. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora kuliko ya simu, kwa sababu inakuachia mikono na haili betri unayoihitaji kuomba msaada.

Vitu vidogo: plasta za malengelenge, mfuko wa takataka zako, soksi za akiba, na kibano kidogo. Kazi ya kibano utaiona mwishoni.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia upepo

Watu wengi huangalia mvua peke yake. Mvua ndogo unaweza kuivumilia. Upepo ndio unaofunga kilima hiki, kwa sababu kimesimama peke yake bondeni na kileleni hakuna mti wa kuukinga.

Fungua utabiri wa Met Office (idara ya hali ya hewa ya Uingereza) wa Llangollen usiku wa kuamkia safari, kisha uangalie tena asubuhi. Tafuta kasi ya upepo wa ghafla, siyo wastani tu. Kwa maoni yangu, ikiwa upepo wa ghafla unatabiriwa kuzidi maili 40 kwa saa, ahirisha. Ukiwa na watoto, ahirisha hata ukiwa chini ya hapo. Kukiwa na utabiri wa radi, usiende kabisa.

Kumbuka pia kwamba utabiri unaousoma ni wa mjini, bondeni. Kileleni joto hupungua kama nyuzi moja au mbili, na upepo hufanya ngozi ihisi baridi kubwa kuliko hiyo.

## Hatua ya 2: Panga saa kwa kuanzia mwisho

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila anayeshindwa, kwa hiyo isome polepole. Saa nilizotumia ni za Kiswahili. Ratiba ya basi itaandika 14:00 pale ninaposema saa 8 mchana.

Wapandaji wa Uingereza hutumia kanuni ya Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka daraja la Llangollen hadi ngome hazifiki kilomita 2, na unapanda zaidi kidogo ya mita 200. Hesabu inakupa kama dakika 45. Kanuni hiyo ni ya mtu aliyezoea na haihesabu mapumziko. Kwa mgeni ongeza nusu, yaani dakika 70. Ukiwa na mtoto wa miaka sita au saba, weka saa moja na nusu.

Sasa rudi nyuma kutoka kwenye giza. Mwezi wa Desemba jua la huku huzama kabla ya saa 10 jioni. Unataka kuwa umeshafika mferejini chini saa 9:30. Kushuka kunachukua kama dakika 45, kwa hiyo unaondoka ngomeni saa 8:45 kwa kuchelewa kabisa. Ukitaka nusu saa ya kukaa juu, uwe umefika saa 8:15, na hiyo inamaanisha kuondoka darajani kabla ya saa 7 mchana. Mimi ningeondoka saa 5 asubuhi.

Mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa 3:40 usiku, kwa hiyo giza si tatizo tena. Hapo kinachokubana ni basi.

Andika saa moja kwenye karatasi au kwenye simu: saa ya kugeuka. Ikifika, mnageuka, hata kama ukuta wa ngome uko mbele yenu. Mwambie kila mmoja wa kundi lenu saa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani. Mkiiamua mkiwa mlimani, mtabishana, na mwenye shauku kubwa atashinda hata kama amekosea.

Tahadhari: Saa za Uingereza hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kila mwaka kuna watu wanaopanga safari ya Novemba kwa kukumbuka mwanga wa Oktoba.

## Hatua ya 3: Fika Llangollen bila kukata tiketi isiyofaa

Llangollen ina stesheni ya treni, na ukiitafuta kwenye ramani utaiona pale kando ya mto. Usiitegemee. Ile ni reli ya kitalii ya treni za zamani inayoelekea Corwen, na haijaunganishwa na mtandao wa reli wa nchi. Stesheni unayoihitaji ni Ruabon, iliyo kwenye njia ya reli kati ya Shrewsbury na Chester.

Anayetoka Birmingham atapata treni za Transport for Wales zinazopita Shrewsbury hadi Ruabon. Anayetoka Manchester au Liverpool kwa kawaida hubadilisha Chester. Kutoka Ruabon au Wrexham unapanda basi hadi Llangollen, na mojawapo ni T3 linaloelekea Barmouth. Angalia ratiba ya siku yenyewe, hasa Jumapili na sikukuu, mabasi yanapopungua. Piga picha ya ratiba ya kurudi. Basi la mwisho lihesabu kama halipo, panga kurudi na lililotangulia.

Kwa wenye gari: egesha kwenye maegesho ya mjini. Watu hujaribu barabara nyembamba za upande wa nyuma ili wapunguze mwendo, wanakuta hakuna nafasi, wanaziba njia ya matrekta, na wanapoteza saa nzima wakirudi kinyumenyume.

Kabla ya kuondoka mjini, kila mtu aende chooni. Nasema kila mtu, pamoja na anayesema hahitaji.

## Hatua ya 4: Kutoka daraja la mto hadi ng'ambo ya mfereji

Vuka daraja la mawe la mto Dee ukitoka upande wa maduka. Mwisho wa daraja geuka kulia, kisha mara moja shika barabara fupi ya kupanda upande wa kushoto, Wharf Hill. Inakufikisha kwenye mfereji wa Llangollen, mahali boti zinapotia nanga.

Hapa wengi hupotea kwa namna nzuri sana: wanafuata njia ya kando ya mfereji kwa sababu ni bapa na inapendeza. Njia hiyo haipandi popote. Unatakiwa kuvuka mfereji kwa daraja lake dogo, kisha utafute kibao chenye jina Castell Dinas Brân na njia nyembamba inayopanda ikipita pembeni mwa shule ya Ysgol Dinas Brân. Vibao vya Wales huandikwa Kiwelisi na Kiingereza. Fuata neno Castell.

Dalili kwamba uko sawa: ndani ya dakika chache uko kwenye mwinuko mkali kati ya vichaka, mapaa ya mji yanaanza kushuka nyuma yako, na mapafu yako yanalalamika. Kama unatembea pamenyooka na maji yako ubavuni, rudi darajani.

## Hatua ya 5: Mashamba na mageti

Njia inapanda kati ya nyua, inakatisha barabara ndogo, inaendelea kupita malishoni, mpaka ifike geti ambapo mlima ulio wazi unaanza. Sehemu hii ina mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, kila geti unalolifungua, lifunge nyuma yako, hata kama una uhakika kuna mtu anakuja. Kondoo wa mkulima akitoroka ni hasara yake.

Pili, mwezi wa Machi hadi Mei ni wakati wa kondoo kuzaa. Pita mbali nao, usiruhusu watoto wawakimbize, na mbwa afungwe kamba fupi.

Tatu, ni hapa ndipo uvue sweta. Mwinuko huu wa mwanzo unatoa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha juu. Waongozaji wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" tangu getini kwa sababu ya hewa nyepesi. Kwenye kilima hiki kifupi hewa si tatizo, lakini ushauri unafaa vilevile: nenda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuzungumza, unaenda mbio mno.

Pa kujipima: ukifika geti la mlima wazi, kaa dakika tano, kunywa maji, tazama saa. Hapa umeshamaliza zaidi ya nusu ya umbali, lakini sehemu iliyobaki ndiyo kali zaidi. Ikiwa mtoto analia, au mawingu yameshafunika kuta za ngome, au umetumia zaidi ya saa moja, huu ndio mahali pazuri pa kugeuka. Kurudi kutoka hapa ni rahisi. Kurudi kutoka katikati ya mteremko ukiwa umechoka ndiko kunakoteguza vifundo.

## Hatua ya 6: Mteremko wa mwisho

Kutoka getini njia inakwenda kwa kona, mara kushoto, mara kulia, na mahali pengine kuna ngazi za mawe. Utaona vijia vilivyokata kona na kupanda moja kwa moja. Usivifuate. Vimechongwa na miguu ya wenye haraka, vinamomonyoa udongo, vinateleza, na havikuokolei muda, kwa sababu utasimama mara nyingi zaidi kuvuta pumzi.

Kanyaga kwa nyayo nzima, siyo kwa vidole. Chukua hatua fupi. Mtoto awe upande wa mlima, wewe upande wa bonde.

Vaa sweta na koti kabla ya kutokeza kileleni, ukiwa bado umekingwa na mlima. Ukingoja mpaka uhisi baridi, utakuwa unahangaika na zipu huku vidole vimekufa ganzi na koti linapepea kama bendera.

Kuna mahali utaona juu kumekaribia kisha kumbe bado. Usikate tamaa hapo. Ukianza kuona mawe yaliyopangwa na binadamu, umebakiza kidogo sana.

## Hatua ya 7: Ndani ya magofu

Umefika. Upande wa kusini kuna ukuta mrefu wenye matundu makubwa ya madirisha ya ukumbi, na mashariki kuna mabaki ya lango na mnara. Kaskazini, ng'ambo ya bonde dogo, ni majabali meupe ya Creigiau Eglwyseg. Kwa siku safi, upande wa mashariki unaona tambarare ya Cheshire. Mimi naona mandhari hii ni miongoni mwa bora kabisa Uingereza nzima, na ndiyo sababu inaniuma kila nikisikia mtu aliishia kwenye mfereji.

Usipande juu ya kuta. Chokaa iliyoshika mawe ni ya karne ya 13, na jiwe likichomoka litakwenda nawe. Angalia pia handaki kavu lililochongwa kwenye mwamba kusini na mashariki ya ngome: nyasi huficha ukingo wake, na mtoto anayekimbia halioni. Usiondoke na jiwe hata dogo kama kumbukumbu, kwani magofu haya yanalindwa kisheria.

Kaeni upande wa ukuta usiopigwa na upepo, kuleni, kunyweni chai. Upepo wa huku mara nyingi hutoka magharibi au kusini magharibi, kwa hiyo jaribu kwanza upande wa mashariki wa ukuta wowote. Kwa wanaotaka kuswali, nyasi za ndani ya ngome ni tambarare. Tafuta mwelekeo wa kibla kwa dira kabla hujaondoka mjini, maana intaneti ya kule haiaminiki.

Baada ya nusu saa mwili uliotoa jasho unaanza kupoa. Mtu akianza kutetemeka, kukosa maneno au kujikwaa, msimngoje apumzike. Mvalisheni nguo kavu, mpeni kitu kitamu, na mshuke naye.

## Hatua ya 8: Kushuka kwa njia ileile

Kuna njia nzuri inayoshuka upande wa mashariki, na kwa mgeni ndiyo mtego mkubwa wa kilele hiki. Ni laini kuliko uliyopandia, kwa hiyo mtu hufurahi na kuifuata, kisha anatokea kwenye barabara ndogo upande wa pili wa kilima, mbali na mji, akiwa na basi la kuwahi. Ni njia halali na inapendeza kwa mzunguko mrefu, ila iache kwa safari nyingine.

Kabla ya kukaa kula, simama pale ulipotokezea na upige picha ukiangalia chini. Ukiwa tayari kushuka, linganisha. Llangollen na mto viwe mbele yako.

Kushuka ndiko kunakojeruhi. Kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele, kunja magoti kidogo, na pita pembeni mwa nyasi zilizolowa panapowezekana.

Ukikwama: piga 999, namba ya dharura, omba polisi, kisha useme unahitaji uokoaji wa milimani. Kama sauti haipiti, ujumbe mfupi unaweza kupita, lakini lazima uwe umejisajili mapema kwa kutuma neno register kwenda 999. Fanya hivyo leo. Bila simu, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Waokoaji wa milimani hawatozi malipo, kwa hiyo usichelewe kupiga kwa kuogopa gharama.

## Hatua ya 9: Ukishafika nyumbani

Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli kuna kupe kwenye nyasi ndefu na vichaka vya mashambani. Ni wadogo sana, mara nyingine kama punje ya ufuta, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele. Watoto wakague wewe mwenyewe.

Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja juu bila kupinda, kisha safisha kwa sabuni na maji. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Andika tarehe. Wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi au ukapata homa kama ya mafua, mwone daktari au piga 111, namba ya ushauri wa afya, na useme wazi kwamba ulikuwa mlimani Wales. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi na unaweza kutokea kama alama ya kahawia au zambarau, kwa hiyo kagua kwenye mwanga wa mchana na usingoje rangi nyekundu ndipo uamini.